Tumbaku isiyo na moshi na uzito wa mtoto

Dada yangu, umeuliza iwapo tumbaku ya kutafuna haimdhuru mtoto aliye tumboni kwa kuwa haina moshi. La, humdhuru. Nikotini huingia kwenye damu kupitia utando wa kinywa, huvuka kondo la nyuma na kuibana mishipa inayompelekea mtoto chakula na oksijeni. Huko Mumbai, India, ambako wanawake wengi husugua meno kwa mishri, yaani tumbaku iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi kisha ikasagwa, utafiti uliofuatilia wajawazito wapatao 1,200 na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watoto wa waliotumia tumbaku isiyo na moshi walizaliwa na uzito uliopungua kwa wastani wa gramu 105, na mimba zao zilikuwa fupi kwa takriban siku 6. Gramu hizo zaweza kuonekana chache, lakini kwa mtoto aliye karibu na gramu 2,500, mpaka ambao chini yake mtoto huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, ni nyingi mno. Kinachonisikitisha ni kwamba mkunga akiuliza tu kama mama anavuta sigara, anayetafuna tumbaku hujibu hapana kwa dhati. Nakusihi, mweleze mkunga wako waziwazi kwamba unaitumia, ili akusaidie kuiacha.