Usiing'oe redio ya gari lako, shida haiko hapo

Wiki hii nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa Vwawa. "Shikamoo kaka. Nimeagiza Premio kutoka Japani, gari safi sana, ila mziki hauna nguvu. Fundi anasema hii redio ya Kijapani niitoe, anifungie ya Android yenye kioo kikubwa. Unanishaurije?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiitoe. Na kwa kuwa najua wengi wenu mna swali hilohilo, najibu hapa kwa kirefu.

Mimi mwenyewe natembelea Premio, na redio iliyomo ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ukiingia ndani huoni kitu cha ajabu: dashibodi safi, maandishi ya Kijapani, hakuna taa za kumetameta. Lakini nikiwasha mziki, watu wananyamaza. Juzi nilimpa lifti mwalimu wa kwaya wa kanisani kwetu, tukatoka Uyole kuelekea Chimala. Tulipofika Inyala akaniomba nirudishe wimbo nyuma. Akasikiliza tena, kichwa amekiinamisha, kisha akasema kuna mahali kwenye sauti ya alto ambapo kwaya yake imekuwa ikiimba vibaya siku zote, maana redio walizojifunzia hazikuitoa vizuri. Mtu anayeishi kwa masikio yake akikwambia hivyo, una haki ya kujisifu. Na mimi najisifu.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Gari langu la kwanza nililipeleka kwa fundi mmoja, jina lake naliacha. Nilimwambia wazi: redio ibaki, ongeza nguvu tu. Nikaenda kula. Niliporudi nikakuta dashibodi iko wazi na plagi ya redio imekatwa kwa koleo. Nyaya za kiwandani, kila moja na rangi yake, zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi. Kamera ya nyuma ikafa siku hiyohiyo, vitufe vya usukani vikafuata. Kila nikikanyaga mafuta, kwenye spika kuna mlio mwembamba unaopanda na injini. Nilipolalamika nikaambiwa magari ya siku hizi ndivyo yalivyo. Wakati wa kuliuza, fundi wa mnunuzi aliivuta redio kidogo tu, akaona ule msokotano, bei ikashuka palepale. Ni zamani sasa, lakini bado linaniuma. Ndiyo maana nikimsikia fundi anasema "toa", namuuliza kwanza kwa nini.

Redio ya kiwandani kazi yake ni kusoma wimbo na kuupeleka mbele, na nyingi zinaifanya kazi hiyo vizuri tu. Kinachokosekana ni nguvu. Hata ikiandikwa wati 50 mara 4, hiyo ni nguvu ya kilele. Nguvu ya kudumu ni kama wati 15 hadi 20 kwa kila spika. Nyingi ya redio za Android zina nguvu hiyohiyo, kwa hiyo utabadilisha kioo na mziki utabaki vilevile. Tena baadhi ya redio za kiwandani hupunguza besi zenyewe kadiri unavyopandisha sauti, ili zisizipasue spika nyepesi zilizomo milangoni.

Utaambiwa pia haishiki FM. Japani masafa yao ya asili ni megahezi 76 hadi 90, sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Ekspanda ndogo inayochomekwa kati ya antena na redio inamaliza hilo: ukiweka ya megahezi 20, kituo cha 100.0 utakikuta kwenye 80.0. Na kama ni redio yenye ramani, usimruhusu mtu achomoe betri ovyo. Baadhi ya redio hizo za Toyota zikikosa umeme hudai kadi yake ya ramani au namba ya siri, na hapo ndipo mtu huambiwa redio imekufa wakati ni nzima.

Sasa njia yenyewe. Nyuma ya redio nyingi za Toyota kuna plagi kubwa ya pini 10 na ndogo ya pini 6. Kubwa hubeba umeme na spika za mbele, ndogo hubeba spika za nyuma. Zinauzwa nyaya za kati zenye plagi dume upande mmoja na jike upande wa pili. Unachomeka katikati, unachukua sauti humo, na waya wa kiwandani haukatwi hata mmoja. Sauti hiyo inakwenda kwenye amplifaya, yaani kifaa cha kuiongezea nguvu. Kama amplifaya inapokea waya za spika moja kwa moja, vizuri. Kama haipokei, unaweka kibadilishi kidogo kinachoshusha sauti ya spika mpaka kiwango cha waya za RCA, zile nyembamba za kubebea sauti hafifu. Siku ukiuza gari unachomoa, unarudisha plagi mahali pake, na dashibodi inabaki ya Toyota.

Waya wa kupeleka umeme kwenye amplifaya ndio nina ugomvi nao mkubwa. Madukani utakuta waya mnene, mwekundu, unang'aa, umeandikwa namba 4, ndiyo namba ya unene. Omba kisu. Kwangua nyuzi chache chini ya mwanga: zikibaki na rangi ya shaba hadi ndani, ni shaba, zikitoa weupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na kwa unene uleule hupitisha umeme mdogo zaidi. Muuzaji akikukatalia usikwangue, ondoka. Waya huo utoke kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Fyuzi iliyo kule nyuma kwenye amplifaya haiulindi waya unaopita kwenye bati, na ukichubuka hapo gari linaweza kuwaka moto. Hasi ifungwe kwenye bodi, rangi ikishakwanguliwa mpaka chuma kionekane. Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari, wa sauti upande mwingine.

Halafu milango. Hapa ndipo watu hawataki kuweka pesa kwa sababu hapaonekani. Gonga mlango wako kwa ngumi: unalia kama debe tupu. Spika yoyote utakayofunga itapiga humo, na besi inayotoka mbele ya spika itakutana na inayotoka nyuma yake kupitia yale matundu makubwa ya bati na kuuana. Bandika shiti za butili, ule mpira wa kunata, zenye karatasi ya aluminiamu kwenye bati la nje, kisha ziba matundu ya bati la ndani. Usidanganywe na lami ya mapaa. Hapa Mbeya kwenye baridi itatulia, ukishuka nayo Kyela mchana wa jua italainika na kunuka. Na vile vitundu vidogo vya chini ya mlango usivizibe. Mvua yetu inaingia kwa kioo na kutokea hapo. Ukiziba, mlango unaoza. Spika mpya ya inchi sita na nusu iwekee pete ya mbao ngumu, seremala yeyote atakukatia, na ikae bila kutikisika.

Wadogo zangu, acheni kununua vitu ili rafiki akiingia garini aone. Mziki unasikilizwa. Kioo kikubwa kitamfurahisha mgeni wako kwa dakika chache, na wewe utarudi kwenye spika zilezile kuanzia hapa mpaka Makambako, ukipandisha sauti mpaka masikio yanauma na bado husikii maneno. Mwogopeni fundi anayekata kabla ya kueleza. Lipeni vizuri fundi anayechomeka.

Kama pesa yako ni ya kugawa, mdogo wangu wa Vwawa, anza na milango ya mbele na amplifaya ya njia nne. Sabufa, yaani spika ya besi, ya inchi 10 kwenye boksi lililofungwa itafuata ukijaliwa. Spika za nyuma ziache zilivyo, uzipunguze tu kwenye redio, maana unakaa mbele. Kwenye amplifaya, spika za milango zikatie besi ya chini ya hezi 80. Kwenye kurekebisha, sauti za redio hizi mara nyingi huishia 63: weka 45, besi na treble katikati, kisha pandisha geni ya amplifaya, kile kitufe cha kuipandishia nguvu, polepole mpaka uanze kusikia mkwaruzo, rudisha nyuma kidogo, funga kifuniko.