Ndiyo, Mjomba, Ninakaa Peke Yangu

Shikamoo Mjomba. Wiki iliyopita, baada ya mdogo wangu kusambaza picha za chumba changu katika kundi la ukoo, uliuliza swali ambalo wengine walikuwa wanalizungukazunguka: ikiwa ninaweza kukaa peke yangu Dubai katika studio yenye kitanda kipana, jiko na bafu lake, kwa nini fedha ninazotuma Tanga hazijaongezeka tangu siku zile nilipokuwa nikilala kitanda cha kukodi, na kwa nini nyumba ya Mama imeishia kwenye linta. Nilikaa siku tatu bila kujibu kwa sababu nilitaka kujibu kwa ukweli. Jibu fupi ni kwamba ningeweza kutuma zaidi, na nimeamua kutotuma. Jibu refu nitaliandika hapa mara moja, ili nisilirudie kwa kila anayenipigia saa 4 usiku, ambayo huku ni saa 5.

Kwanza chumba chenyewe. Studio ni kama masta ya kwetu, isipokuwa jiko limo humo humo ndani: ukifungua mlango unakutana na jiko la mita mbili hivi, kisha bafu upande wa kushoto, kisha nafasi moja ambayo ndiyo sebule na ndiyo chumba cha kulala, na mwisho kibaraza cha kuanikia nguo. Yote kwa jumla ni futi za mraba 480, yaani karibu mita za mraba 45, ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na fahari yoyote. Mtaa unaitwa International City, nao ulijengwa kwa mafungu yenye majina ya nchi, China, Ufaransa, Morocco, Uajemi, Hispania na nyinginezo. Mimi ninakaa Ufaransa, jambo ambalo limempa mdogo wangu mzaha wa kudumu. Ni mtaa wa bei nafuu kwa viwango vya Dubai, na sababu za unafuu huo picha hazikuzionyesha: treni ya Metro haijafika, upepo ukigeuka usiku tunaletewa harufu ya majitaka, na aprili ile ya 2024, mvua kubwa kuliko zote tangu nchi hii ianze kuweka kumbukumbu mwaka 1949 ilipotuangukia, magari ya majirani zangu yalizama hadi vioo. Nilikaa ndani siku tatu nikila wali na dagaa ulionitumia wewe mwenyewe.

Nyinyi mnaifahamu hesabu ya kupanga ya Tanga, ambako mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita na mtu akalalamika. Huku kodi huhesabiwa kwa mwaka mzima, na hulipwa kwa hundi zenye tarehe za mbele ambazo unaziandika zote siku ya kutia saini. Yangu ni dirhamu 36,000 kwa mwaka, kwa hundi nne za 9,000. Kabla sijalala usiku wa kwanza nilikuwa nimekwisha kutoa hundi ya kwanza, amana ya mwenye nyumba asilimia 10 kwa kuwa chumba kilikuwa na samani, yaani 3,600, ujira wa dalali asilimia 5, yaani 1,800, na amana ya umeme na maji 2,000. Jumla ni dirhamu 16,400, bila kuhesabu ada ya usajili wa mkataba, ambao hapa huitwa Ejari na bila huo hata umeme huwashiwi. Kwa kuwa dirhamu imefungwa kwa dola, kila dola moja kwa dirhamu 3.67, mnaweza kuona kwamba ni zaidi ya dola 4,400. Niliziweka akiba kwa miezi 19. Ile Sikukuu ya Idi ambayo mlisema nimewasahau, fedha zake zimo humo.

Sasa hesabu ya mwezi, kwa sababu ndiyo unayoitaka. Nilipokuwa nikilala kitanda cha kukodi mshahara wangu ulikuwa dirhamu 4,500 na kitanda kilikuwa 750. Leo mshahara ni 7,000 na chumba ni 3,000 ukigawanya hundi kwa miezi. Yaani mshahara umepanda kwa 2,500 na malazi yamepanda kwa 2,250. Umeme na maji mwezi Agosti ni 480, na ndani yake mna 150 za ada ya makazi, kwa sababu manispaa hutoza asilimia 5 ya kodi ya mwaka na kuigawa katika ankara za kila mwezi. Nauli ni 350, simu na intaneti 320, chakula 900 nikipika mwenyewe. Hubaki 1,950. Kati ya hizo ninatuma 1,200, kiasi kile kile mlichokizoea, na 750 ninaziacha kwa ajili ya tiketi, ugonjwa na hundi inayofuata. Hapo umeona, Mjomba. Karibu nyongeza yangu yote imekwenda katika mlango mmoja wenye ufunguo mmoja, nami sioni sababu ya kulificha hilo.

Utaniuliza, kama alivyoniuliza Mama Mdogo, ikiwa wenzangu wanaweza kulala kwenye kitanda cha 750 na kujenga nyumba mbili, mimi nina nini. Wapo wanaoweza, na ninawaheshimu. Nililala nao miaka miwili na nusu. Hiyo huitwa bedspesi: badala ya kukodi chumba, unakodi kitanda, na mara nyingi ni kitanda cha juu au cha chini katika vitanda vya ghorofa. Chumba chetu kule Deira kilikuwa na watu wanane, na sebule ilikuwa imekatwa kwa mbao nyembamba ikatoa vijumba vitatu ambavyo havikuwa na dirisha. Kila mtu alijitundikia pazia kuzunguka kitanda chake, na nyuma ya pazia lile ndiko yalikokuwa maisha yake yote: sanduku miguuni, chaja kichwani, nguo za kazi juu ya msumari. Bafu lilikuwa moja, na foleni yake ilianza saa 11 alfajiri. Wawili kati yetu walifanya kazi za usiku, kwa hiyo taa haikuwa na saa ya kuzimwa, na mmoja alikuwa akiongea na mkewe kwa sauti ya chini kila usiku, sauti ile ya mtu anayejaribu kutosikika, ambayo ndiyo inayosikika kuliko zote. Kunguni sitawasimulia.

Nilidhani nimezoea. Kisha siku moja kazini, nikiwa nimelala muda wa saa tatu tu kwa usiku wa nne mfululizo, nilibandika lebo za mzigo wa mteja wa Kariakoo kwenye mzigo wa mteja wa Mombasa. Mabunda 14 ya vitambaa yakapakiwa katika kontena lisilo lake. Unaijua kazi yangu: ofisi yetu iko karibu na Baniyas Square, tunakusanya mizigo ya wafanyabiashara wanaochangia kontena, na kuanzia saa 3 asubuhi hadi usiku simu hazinyamazi, mikokoteni inapigana vikumbo mlangoni, mmoja anadai mita zake za ujazo zimezidishwa na mwingine anataka kujua meli imefika wapi ilhali ameleta mzigo jana. Katika kelele hizo sikuona nilichokuwa nikikibandika. Vitambaa vilirudi baada ya wiki saba, na gharama ya kuvirudisha nilikatwa mimi, kidogo kidogo, kwa miezi mitano. Miezi ile ndiyo mliyopokea 600 badala ya 1,200, nami nikawaambia kwamba kampuni imechelewesha mishahara. Haikuwa imechelewesha. Naomba radhi kwa uongo ule.

Kwa hiyo ninapofika nyumbani saa 3 usiku, baada ya treni iliyojaa hadi watu wanapumuliana shingoni kutoka stesheni ya Union mpaka ya Centrepoint, halafu basi, kisha mwendo wa dakika nane, ninafunga mlango na sisikii mtu. Kiyoyozi kinanguruma, basi. Ninaswali, ninapasha mchuzi, ninakaa kwenye kiti kimoja nilichonunua kwenye soko la Dragon Mart, kile chekundu mlichokisifu kwenye picha, na wakati mwingine nusu saa hupita sijafanya lolote. Nusu saa hiyo ndiyo ninayoilipia. Tangu nihamie hapa miaka miwili iliyopita sijakosea lebo hata moja, na ile nyongeza ya mshahara nilipewa mwezi wa nne baada ya kuhama. Siwezi kuapa kwamba moja limezaa lingine, ila mimi ninaamini hivyo.

Starehe yenyewe msiikuze sana. Matangi ya maji yako juu ya paa, na kuanzia Juni hadi sasa, Septemba, bomba la maji ya baridi hutoa maji ya moto ambayo mtu angeweza kuyapikia chai. Wenyeji walinifundisha ujanja: unazima hita ya bafuni msimu wote wa joto, maji yanakaa humo kwenye kivuli cha kiyoyozi na kupoa, kisha unafungua bomba la moto ili upate maji ya baridi. Wiki ya kwanza nilijiunguza bega kwa kuamini rangi ya bluu.

Tena kuna mwenye nyumba. Mwaka jana, ikiwa imebaki mwezi mmoja na nusu mkataba uishe, alinitumia ujumbe kwamba kodi itakuwa 42,000 au nihame. Zamani ningelia. Safari hii nilikuwa nimekwisha kuuliza, na nikajua kwamba sheria ya Dubai inamtaka mwenye nyumba atoe taarifa ya kubadilisha masharti siku 90 kabla, na kwamba hata akitoa, kiwango cha kupandisha kinategemea faharasa ya kodi, yaani viwango vya kodi vya Idara ya Ardhi, na si hamu yake. Vilevile hawezi kunitoa kwa neno la mdomo tu. Akitaka kuuza au kukaa mwenyewe, taarifa ni ya miezi 12 kupitia kwa mthibitishaji wa hati au barua iliyosajiliwa. Nilimwandikia hayo kwa adabu. Alinyamaza siku sita, akajibu kwa neno moja, «Sawa». Mwaka huu amejifunza: taarifa ameileta Agosti, kikokotoo cha Idara kikampa nyongeza ya asilimia 5, na kuanzia Januari nitalipa 37,800. Ninalisema hili kwa undani kwa sababu vijana wetu wengi wanaofika huku hutolewa vyumbani kwa vitisho ambavyo havina nguvu yoyote, alimradi mkataba wao umesajiliwa. Wa bedspesi hawana kinga hiyo, kwa kuwa jina lao haliko kwenye karatasi. Mwaka 2025, Manispaa ilipoanza msako wa vyumba vilivyokatwa kwa mbao katika mitaa kama Al Rigga na Al Satwa, watu ninaowajua walipewa siku chache za kufunga masanduku.

Sasa nije kwa mdogo wangu, ambaye ameandika kwamba kwa kuwa chumba ni kikubwa atakuja «kukaa kwanza» hapa huku akitafuta kazi. Mdogo wangu, karibu, lakini sikia. Viza ya matembezi hairuhusu kufanya kazi, na atakayekuahidi kazi ya kuanzia hapo hapo anakutafutia matatizo. Atakayeishi nami zaidi ya mwezi mmoja sharti nimsajili katika programu ya Dubai REST kama mkaaji wa chumba hiki, na mkataba wangu unasema mtu mmoja. Zaidi ya hayo, na hili sitalificha nyuma ya sheria, sitaki. Wiki mbili nitafurahi mno. Nitakutandikia godoro kati ya kiti chekundu na kabati, nitakupitisha kwenye abra, ile mashua ya dirhamu moja, ili uvuke hori la Deira jua likizama, na nitakuonyesha ofisi ambako mabunda yako ya mitumba yanapita. Baada ya wiki mbili nitataka kurudiwa na nusu saa yangu. Njoo Januari, si Julai, na uje na tiketi ya kurudi.

Mjomba, kuhusu linta. Zile 750 ninazobakiza, miezi minne kati ya kumi na miwili huwa haziguswi na ugonjwa wala tiketi. Nimeamua kwamba hizo zitakuwa za bati za Mama, na nitazituma kwako wewe na si kundini, Desemba kwa mara ya kwanza. Hundi yangu ya mwisho ya mwaka huu inaingia benki tarehe 1 Oktoba, na hundi ikirudi hapa mwenye nyumba anaweza kuipeleka mahakamani moja kwa moja ili ikazwe kama hukumu. Kwa hiyo hadi tarehe hiyo ipite, tafadhali waambie watu wa kundi wasiniagize simu, wala pazia, wala yale mashuka meupe waliyoyaona kwenye picha. Nilinunua seti moja tu, na siku ninayoyafua ninalalia kanga ya Mama.