Kabla Hujanunua Simu ya Korosho

Wiki ya pili baada ya malipo ya mnada wa korosho kuingia, mzee mmoja kutoka Nanyamba alisimama mbele ya meza yangu ya ufundi hapa Mtwara mjini, akatoa simu iliyoviringishwa kwenye kitambaa. Ilikuwa na siku tisa tangu itoke dukani. Kioo kilikuwa kimepasuka kutoka kona hadi kona.

"Fundi, hii shilingi ngapi?"

Nikaigeuza. Kioo chenyewe kilikuwa cha kujikunja pembeni, ile aina inayong'aa kama maji. "Shikamoo mzee wangu. Karibu kiti kwanza."

"Marahaba. Ukiona fundi anakukaribisha kiti, ujue ni nyingi."

Hakukosea. Simu aliinunua 480,000, na kioo chake kutoka Kariakoo kilikuwa 210,000 bila ufundi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza mbona yule wa dukani hakumwambia. Wa dukani alimwambia habari za kamera.

Ushauri wangu wa kwanza, na kwa kweli ndio ulionifanya niandike: kabla hujalipa, piga picha boksi la simu unayoitaka, nenda kwa fundi yeyote, muulize kioo chake ni bei gani na kinapatikana wapi. Fundi hakutozi kwa swali. Akijibu papo hapo, simu hiyo ina vipuri. Akianza kukuna kichwa na kupigia watu Dar, achana nayo. Huku kwetu karibu kila kipuri kinakuja na basi. Mei 2024, barabara ya kutoka Dar ilipokatika Somanga baada ya Kimbunga Hidaya, nilikuwa na simu za watu zimelala kwenye droo, na wenyewe wanakuja kila asubuhi kuniangalia usoni.

Ndiyo maana siwacheki wanaonunua Tecno, Infinix au itel. Wengi hawajui kwamba zote tatu ni za baba mmoja, kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, iliyoanza mwaka 2006. Kwao China haina jina kubwa, ila Afrika ilisoma maisha yetu: laini mbili, betri kubwa, kamera inayompiga mtu mweusi akaonekana sura badala ya meno tu. Na kwa kuwa zimejaa mtaani, vioo vyake vimejaa pia. Sifa hiyo haiandikwi kwenye boksi.

Kwenye boksi wanaandika mambo mengine. Siku hizi utaona 16GB kwa maandishi makubwa, na chini yake kwa herufi za kutafuta na miwani, 8GB + 8GB. Kampuni nyingi zinafanya hivyo. RAM, yaani kumbukumbu ambayo simu inafanyia kazi, halisi ni ile nane ya kwanza. Nane ya pili simu inaikopa kwenye nafasi yake ya kuhifadhia picha na video, na nafasi hiyo inakwenda polepole kuliko RAM. Ni kama kutoa magunia chumbani ukayapanga sebuleni, halafu ukatangaza umevuna mara mbili. Muulize muuzaji, "Bila kuongeza, ni ngapi?" Akikwepa, umeshajibiwa.

Kwa anayetaka simu ya kukaa nayo miaka, mimi naangalia apdeti, yaani maboresho ya programu ambayo kampuni inaitumia simu. Samsung walitangaza miaka saba kwa Galaxy S24 mwaka 2024, na mwaka huohuo wakaitoa A16, simu ya watu wa kawaida, kwa ahadi ya miaka sita. Hapo nawapa heko. Simu isiyopata apdeti hufika mahali programu zikaanza kuikataa moja moja. Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android za 4, na wiki hiyo nililetewa simu nzima kabisa, kioo safi, mwenyewe ananiambia "imeharibika."

iPhone zilizokwisha kutumika nitasema kidogo tu, maana vijana hawasikii. Hakikisha muuzaji anatoa akaunti yake ya iCloud mbele ya macho yako. Kuanzia XR na XS, betri ikibadilishwa kwa isiyo ya asili, simu yenyewe inakuandikia kwenye mipangilio. Soma hapo kabla ya kufurahia rangi. Na kwa simu yoyote, bonyeza *#06#, itokee namba ya IMEI, kitambulisho cha simu, uitume kwenda 15090 uone kama inalingana na ulichoshika. Tuliokuwepo Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu feki, tunakumbuka.

Sasa mkopo. Hapa ninazungumza nikiwa nimeungua mwenyewe. Nilimchukulia mama simu ya mkopo, kianzio 60,000, halafu 1,500 kila siku kwa siku 365. Elfu moja na mia tano, nani anaiogopa? Ni soda na andazi. Sikupiga hesabu hadi siku moja nimekaa bila mteja: 547,500, weka na kianzio, 607,500. Simu hiyohiyo kwa taslimu ilikuwa 380,000. Tofauti ni 227,500, na kwa korosho ya 3,500 kwa kilo, hizo ni kilo 65. Karibu gunia zima limekwenda kwa riba.

Lakini si fedha iliyoniuma zaidi. Mama anaishi kwa shamba, na shamba linalipa mara moja kwa mwaka. Tulikubaliana alipe mwenyewe. Agosti mfuko mtupu, hela yote imeishia kwenye salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, na vibarua, siku mbili hazijalipwa, simu ikajifunga. Kioo kikabaki na namba ya kulipia tu. Alitembea hadi kwa jirani kuazima simu anipigie: "Mwanangu, simu yako imenikasirikia."

Mikopo ya kila siku imetengenezwa kwa bodaboda na mama lishe, watu wanaoshika hela kila jua likichwa. Kwa mkulima wa Tandahimba au Newala ni mtego. Kama ni lazima, chukua mwezi wa minada na uumalize palepale. Usije kwangu kutoa loki. Nikiiflashi leo, yaani nikiifuta na kuiwekea programu upya, ikishika intaneti inaweza kujifunga tena, na utakuwa umenilipa bure.

Jambo dogo la mwisho, kwa kuwa salfa nimeitaja. Kuanzia Juni napokea simu "zisizochaji" mfululizo, na nyingi si mbovu. Ni unga wa salfa umejikandika kwenye tundu la chaji. Zima simu, tumia kijiti cha meno kikavu, kwangua taratibu. Usitumie pini. Ukishindwa ndipo uje.

Kioo cha yule mzee kilifika Alhamisi. Nilikifunga, akalipa noti kwa noti, akanunua na kava. Halafu akaikodolea macho simu ya mteja mwingine pale mezani, ya kukunja katikati kama kitabu.

"Na hii nayo fundi, kioo chake shilingi ngapi?"