Upepo wa kaskazi, maji yanakupeleka nje: nifanyeje?

Mdogo wangu, umesema ulitoka Shela, Lamu, mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma kuelekea kusini, ukazima mashine, na mashua ikakuvuta upande wa bahari kuu. Mashua yako haikurogwa. Ni mkondo.

Wakati wa kaskazi, mkondo wa Somalia hugeuka ukashuka kusini. Huku kwetu kuna mwingine unaopanda kaskazini mwaka mzima, unapita Malindi. Hukutana karibu na maji yetu haya, hakuna anayempisha mwenzake, basi yote miwili huelekea mashariki. Panapogongana maji, mkondo hujipinda kama kamba iliyolegea. Kona ikikatika huwa duara linalozunguka na kuhama polepole, kwa wiki au miezi. Upepo nao huchangia, maana ukivuma kwa nguvu hapa na kulegea pale, maji husokoteka. Duara kubwa kupita yote huzuka wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, mbele ya Somalia, upana wake mamia ya kilomita.

Kwa hiyo usiamini tanga peke yake. Tupa kifuu majini, kitazame kwa dakika kumi ukilinganisha na alama ya pwani. Ukiona mstari wa povu na mwani, upande mmoja buluu, wa pili kijani, hapo maji mawili yanakutana. Samaki hupapenda, lakini usizime mashine bila akiba ya mafuta ya kurudia. Hilo nakuomba sana.