Ndoo haina maji: kwa nini mtu wako wa katuni anatisha akianza kutembea

Mkuu, umeuliza mbona mtu wa katuni uliyemjenga vizuri kwenye kompyuta hadi kope, akisimama anapendeza, akitembea watu wanasema ni jini, ilhali mwendo wenyewe ulinaswa, yaani ulirekodiwa, kwa binadamu halisi. Yalinikuta hayo hayo.

Nilipewa kazi ya tangazo fupi la maji safi: mwanamke anatoka bombani na ndoo kichwani, anaingia uani. Nikachukua mwendo ulionaswa, wa bure, wa mtu anayetembea, nikaupachika kwenye mifupa ya katuni ndani ya Blender, programu ya kutengeneza katuni, nikauinua mkono mmoja ushike ndoo. Kwenye vijiti vitupu, yaani mifupa bila mwili, safi kabisa. Nikamvika mwili, ngozi, kanga. Mama anayetuuzia chapati akachungulia skrini, akacheka: "Mwanangu, hiyo ndoo haina maji."

Hakutaja shingo wala nyonga. Alitaja maji. Nilibisha, kisha nikakutana na kazi ya Runeson na Frykholm, watafiti wawili Waswidi, ya 1981. Watazamaji hawakuonyeshwa mtu, bali vitone vya mwanga kwenye viungo vyake akiinua boksi, na bado waliweza kukadiria uzito wa lile boksi. Mbinu ya vitone ni ya Gunnar Johansson, mwanasaikolojia wa Uppsala, huko huko Uswidi. Mwaka 1973 alionyesha kuwa vitone 10 hadi 12 gizani vikitulia havina maana yoyote, vikianza kusogea tu, unamwona mtu anatembea.

Sasa mbona vijiti vilinidanganya? Watafiti Hodgins, O'Brien na Tumblin walilijaribu hilo mwaka 1998: mwendo uleule, mara umevikwa vijiti, mara mwili kamili. Tofauti ndogo za mwendo zilionekana zaidi kwenye mwili. Kwa hiyo usipitishe mwendo ukiwa bado kwenye vijiti, kosa lipo, halijapata mwili wa kulionyesha. Watu watakutajia Masahiro Mori, Mjapani wa roboti, na "bonde" lake la 1970: kitu kikikaribia sana kufanana na mtu bila kufika, kinatisha. Sawa, naye alisema mwendo huzidisha ule mzizimo, ila hilo halikuambii urekebishe nini.

Kama mtu wako anaruka, kuna utafiti wa Reitsma na Pollard wa 2003: kosa la kwenda mbele hugunduliwa upesi kuliko la juu na chini, na kasi iliyoongezwa upesi kuliko iliyopunguzwa. Ukilazimika kuchakachua, chakachua huko kusikoonekana.

Mimi nilimwomba yule mama ajaze ndoo ya lita 20, apite ukumbini nimrekodi kwa simu. Hatua zake za kwanza zilikuwa fupi. Kichwa hakikuyumba, kazi yote ilifanywa na nyonga. Mlangoni ndipo niliposhangaa: alishuka kwa magoti, shingo imenyooka vilevile, akapita, akapanda tena, tone halikumwagika. Katika ule mwendo wangu wa bure, aliyenaswa alikuwa mtu asiyebeba kitu, na kila hatua kichwa chake kilikuwa kinapanda na kushuka.

Siku tatu nikahangaika na fremu kwa mkono, moja moja. Nikamwita aone.

"Sasa ina maji," akasema. "Ila imejaa hadi juu, mbona hayachezi?"

Bajeti ya kuchezesha maji sikuwa nayo. Nikaifunika ndoo kwa sahani.