Ejizi zinaisha na rasta sitaki kuacha: jibu la msusi wa Kondele

Dada uliyeuliza juzi, nimesoma swali lako na majibu yaliyofuata. Unasema uko hapa Kisumu, umekuwa ukisuka notlesi (rasta zisizo na fundo mzizini) za kufika kiunoni mfululizo, ukifumua Ijumaa Jumamosi uko kwenye kiti tena, na sasa ejizi, yaani nywele za kando ya paji na juu ya masikio, zimekonda hadi ngozi inaonekana. Umeshanunua mafuta ya kukuza nywele ya kila rangi. Una harusi ya dada yako Desemba, na binti yako wa miaka minne naye unataka asukwe. Wengine wamekutajia juisi ya kitunguu, wengine maji ya mchele, na mmoja amekuambia uangalie majirani zako vizuri (huyo amenichekesha). Mimi nasuka hapa Kondele na vichwa vya namna yako napokea kila wiki, kwa hivyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Mafuta yaweke kando kwanza. Shida yako si ukavu, ni kuvutwa. Mzizi wa nywele ukivutwa mchana na usiku kwa miezi, unaanza kutoa unywele mwembamba, kisha mwembamba zaidi, na mwishowe unafunga kabisa na kuacha kovu chini ya ngozi. Madaktari wa ngozi wanaita alopeshia ya mvuto. Ikigunduliwa mapema nywele zinarudi. Kovu likishaingia hazirudi, hata ujipake kopo zima kila usiku. Simama karibu na dirisha mchana na kioo cha mkononi, uangalie vizuri. Ukiona bado kuna vinywele vifupi laini, na vitundu vya ngozi vinaonekana, mizizi iko hai. Ukikuta sehemu inang'aa, laini, haina hata kitundu, usije kwangu wala kwa msusi mwingine. Nenda kwa daktari wa ngozi.

Sasa kuhusu hii imani kwamba notlesi haivuti. Ni kweli inaanza na nywele yako mwenyewe, halafu nyuzi za braidi (nywele za bandia) zinaongezwa kidogo kidogo, kwa hivyo pale mwanzoni hakuna lile fundo gumu la rasta za zamani. Lakini wewe unasuka nyembamba na ndefu. Kila rasta imeshikwa na kifungu kidogo cha nywele zako, na inabeba uzito mpaka kiunoni. Ukiosha, braidi inashika maji na uzito unaongezeka. Halafu ukitoka hapo unazikusanya zote, unazifunga juu kichwani kwa sababu ya joto la Kisumu, na zile za mbele ndizo zinabeba mzigo wote. Usingizi ukikupata na fundo hilo juu, umelala unavutwa. Kukosa fundo kwenye mzizi hakukusaidii kitu hapo.

Na kuna jambo wateja hawalioni kwa sababu wameangalia simu. Saluni nyingi wasusi wanalipwa kwa kichwa, si kwa saa. Kikija kichwa kikubwa wanaitana, watatu wanakuzingira ili umalizike kabla jioni. Mmoja ana mkono mwepesi, wa pili wa kawaida, wa tatu anakaza kama anafunga mzigo kwenye boda. Angalia kichwa chako: mara nyingi upande mmoja umeisha kuliko mwingine, na ukikumbuka utajua nani alikaa upande ule. Ukitaka kusukwa na watu watatu ni sawa, ila mstari wa mbele mchague mmoja aufanye wote, na awe yule mwenye mkono mwepesi.

Dalili za kukazwa zinaonekana siku ile ile. Jaribu kuinua nyusi ukiwa bado kwenye kiti. Zikigoma, au ngozi ya paji ikiinuka nazo, hiyo imekaza. Siku ya pili ukiona vipele vidogo vyenye usaha kwenye mizizi, imekaza. Ukimeza Panadol ili ulale, imekaza, na hiyo habari ya "itazoea" tunaisema sisi wasusi kwa sababu tunataka kufunga. Kuna dalili nyingine ambayo wengi wanadhani ni mba: vipete vyeupe vidogo vinavyozunguka unywele karibu na ngozi, ukivivuta kwa kucha vinateleza juu ya unywele badala ya kupukutika. Nikiviona mbele ya kichwa cha mteja, siwezi kumsuka mstari huo, hata aje na pesa mkononi. Wewe sema hapo hapo, "dada, legeza hapa mbele." Msusi akinuna, anune. Rasta mbili tatu kufumuliwa ni dakika chache.

Kukaa nazo, wiki sita hadi nane zinatosha. Najua kuna watu wanafika miezi minne kwa sababu zimegharimu. Baada ya wiki nane nywele yako imekua kama sentimita mbili na nusu (kwa kawaida ni kama sentimita moja na robo kwa mwezi), kwa hivyo rasta imesogea mbali na ngozi, inaning'inia kwenye sehemu nyembamba na kuipinda kila ukigeuka. Hapo ndipo inakatika.

Kufumua ndipo watu wanaharibu hata kile kilichobaki, na hapa nitakaa kidogo. Pale rasta ilipoanzia kuna kipete cha uchafu wa kijivu: vumbi, jasho, mafuta, na nywele zilizodondoka zikakosa pa kwenda. Usitie maji kabla hujakiondoa. Kikishalowa kinakaza kama sementi, na utaishia kukata. Paka mafuta au kondishena kidogo juu yake, kipasue kwa vidole taratibu, halafu chana kwa chanuo la meno mapana kuanzia nchani kurudi mzizini. Ndipo uoshe. Nywele utakazoona kwenye sakafu zisikutie presha: mtu hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku, na kwa wiki sita hizo ni kati ya 2,100 na 4,200 ambazo zilikuwa zimenaswa ndani ya rasta. Okota chache uziangalie. Yenye kitone cheupe mwishoni imedondoka kwa wakati wake. Kipande kifupi kisicho na kitone kimekatika, na vikiwa vingi kuna tatizo.

Na wewe, ejizi zilivyo, usirudishe rasta kwenye mstari wa mbele kwa angalau miezi mitatu. Sisemi uache kusuka kabisa, najua hutaacha. Nyuma na katikati suka ukitaka, nene kiasi na ziishie mabegani, na mbele acha vidole viwili vya nywele zako nje. Zile utazisokota mwenyewe jioni, asubuhi unazifumua. Au rudi kwenye mabutu, au matuta makubwa ya nywele yako bila braidi. Jambo moja la bibi zetu ambalo nashukuru limerudi ni kufunga kwa uzi: unagawa nywele, unazungusha uzi kuanzia mzizini bila kukaza, unalala nazo, asubuhi zimenyooka bila draya. Kwa unyevu huu wa ziwa, nywele iliyonyooshwa kwa moto inajikunja kabla hujafika steji ya matatu, kwa hivyo moto wote ule ulikuwa wa bure.

Jeli ya kulaza ejizi kwa mswaki kila asubuhi, acha. Unasugua vinywele vinavyojaribu kuota. Helmeti ya boda pia inasugua pale pale, na imepita vichwa vya wengine; vaa kofia ya satini ndani yake. Kibuye siku ya Jumapili utapata vitambaa vya satini kwenye mitumba kwa bei ya soda, chukua na cha kufunika mto.

Kuhusu mafuta uliyonunua: yatumie kulainisha tu. Mimi napenda shea laini inayotoka kaskazini mwa Uganda, inayeyuka mkononi na inafunga maji ndani ya nywele vizuri. Haioteshi nywele. Kitu chenye ushahidi wa kuotesha ni minoksidili, dawa ya kupaka inayouzwa kwenye duka la dawa, lakini ukiacha kuitumia faida yake nayo inaondoka, na kama una mimba au unanyonyesha usiiguse. Muulize daktari kwanza.

Nikuulize pia: uliugua malaria kali au ulijifungua mwaka huu? Homa kubwa hufanya nywele nyingi zidondoke miezi miwili au mitatu baadaye, wakati hata umesahau ulilazwa. Baada ya kujifungua ni hivyo hivyo, kuanzia kama mwezi wa tatu. Hizo hudondoka kichwa kizima, si kando tu, na kwa kawaida hurudi zenyewe. Wengine ni upungufu wa damu. Wateja wangu wakipungukiwa nywele kote huwa nawaambia waende wapimwe damu kabla hawajanilipa mimi tritimenti.

Mmoja hapo juu amekushauri upake dawa ili nywele "ziwe laini zisikatike". Hapana. Dawa ya kunyoosha inavunja viungo vya ndani vinavyoupa unywele nguvu, na nywele ya dawa ikisukwa rasta nzito ndiyo inayoisha haraka kuliko zote. Anayetumia dawa tayari asisuke wiki hiyo hiyo, asubiri angalau wiki mbili. Na kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2022, uliofuatilia zaidi ya wanawake 33,000: waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Kufikia umri wa miaka 70, makadirio yalikuwa kama 4 kwa kila 100, dhidi ya chini ya 2. Haimaanishi kila anayepaka ataugua, na utafiti wenyewe haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo. Lakini wateja wangu kadhaa waliacha, nami sikuwabembeleza warudi.

Mitindo inayotamba sasa umeuliza pia. Zile zenye mawimbi yanayochomoza katikati ya rasta ni nzuri kwenye picha. Kwa jasho letu mawimbi yanajisokota pamoja wiki ya pili, labda uweke nywele za binadamu, na hizo bei yake unaijua. Frenchi kali, zile rasta zenye mawimbi nchani, ni nzito, kwako bado. Sisterlocks, dredi nyembamba za kudumu, wengi wanazikimbilia wakidhani ndiyo mwisho wa kuvutwa, lakini kila zinapokazwa mizizi inavutwa tena, na zikigawanywa nyembamba mno mbele zinakatikia pale pale. Subiri ejizi zijae kwanza.

Mtoto wa miaka minne usimwekee braidi. Mabutu na riboni, au matuta ya nywele zake, basi. Akilia wakati wa kusukwa, anaumia, hadeki. Na ukimwona na mapunye, yale mabaka ya duara yenye magamba, krimu peke yake haitoshi kwa kichwa: anahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari, na chanuo na taulo lake zisitumiwe na mwingine. Kama hunyolewa kwa kinyozi, simama uone mashine ikipanguswa spiriti kabla haijamgusa.

Harusi ya Desemba: kama mstari wa mbele utakuwa haujajaa, vaa wigi yenye mkanda wa kurekebisha, juu ya matuta legevu, na usikubali ibandikwe kwa gundi pajini, maana gundi ikitolewa inaondoka na vinywele vyako vipya. Ukitaka rasta, panga kusuka siku tano sita kabla ya harusi ili ngozi itulie, na weka nafasi mapema. Kuanzia katikati ya Desemba hapa Kondele tunasuka mpaka usiku, na msusi aliyechoka hana mkono mwepesi.