Shangazi, nikishika simu nawatukana wenzangu

Mwanangu wa Dodoma,

Umeniandikia kwamba darasani ni mpole, lakini usiku, kwa akaunti yenye jina la uongo, unawatukana wenzako. Safari hii umemwandama binti aliyekupita kwenye presentesheni. Ulikejeli lafudhi yake, wengine wakadakia, na sasa haji vipindi. Unaniuliza kama una roho mbaya.

Mwenye roho mbaya asingehangaika kuniandikia. Ila ulilomtendea ni ukatili, na sitalitafutia jina laini.

Mwaka 2004 mwanasaikolojia John Suler alieleza kinachowafanya watu wapoteze haya mtandaoni: hujulikani, huonekani, na humwoni unayemuumiza. Maneno yale ungemwambia kantini, ungeona macho yake yakilengwa na machozi, ungenyamaza. Kwenye simu uliona vicheko tu, na nadhani hivyo ndivyo vilivyokunogea. Anayejiona si kitu darasani, akishangiliwa usiku anajiona mkubwa.

Sasa soma tena barua yako. Una sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, bumu (pesa ya mkopo wa chuo) limechelewa, na baba anauliza matokeo kila Jumapili nawe unamkwepa. Lafudhi ya binti wa watu inahusikaje hapo? Hasira ya kwingine umeenda kuitua kwake. Kisha unaniambia "ulikuwa utani" na "kila mtu aliandika". Mwanasaikolojia Albert Bandura alichambua visingizio vya namna hiyo: mtu hujipa ili dhamiri isimsute.

Futa ulichoandika, leo. Waambie waliodakia waache. Mwombe radhi kwa jina lako halisi, bila neno "lakini", na asipokujibu usimsumbue. Akiamua kukushtaki, ni haki yake: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwekea anayenyanyasa wengine mtandaoni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Halafu mpigie baba kabla ya Jumapili, umwambie habari za sapu. Atafoka, najua. Mwache afoke. Chuoni pia kuna mshauri wa wanafunzi. Nenda ukamweleze yote, hata hizo usiku usizolala, maana hilo nalo limenitia wasiwasi.

Binti akirudi darasani, usimkaribie kumwonyesha kwamba umebadilika. Mwache asome.

Shangazi yako